Fundi Fita wa Moshi Kwenye Mtambo wa Fyusheni

Kazi ya kuunganisha mtambo wa fyusheni ni kazi ya fundi fita, yaani fundi wa kufunga na kusawazisha mitambo. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu vijana wanaokuja kuniuliza hapa Moshi huanza na woga wa fizikia. Wanadhani kabla hujaruhusiwa kushika spana kwenye mtambo wa namna ile lazima uwe umesoma mpaka vitabu vikaisha. Wanafizikia wapo, na bila wao hakuna mtambo, lakini chuma hakijifungi chenyewe. Kinafungwa na wachomeleaji, mafundi bomba, mafundi umeme, wapimaji, waendesha kreni na mafita kama mimi. Nilifanya kazi hiyo miaka kadhaa kusini mwa Ufaransa, kwanza kwenye karakana ya mkandarasi aliyekuwa akiandaa vipande vya ITER, mtambo wa majaribio wa fyusheni unaojengwa na mataifa mengi, baadaye kwenye eneo lenyewe la mradi, Saint-Paul-lez-Durance. Sasa niko nyumbani, na ninaandika yale ambayo fundi wa Moshi au Arusha anaweza kuyatumia kesho asubuhi.

Desemba ya mwaka niliorudi nilipanda Kibosho kuhesabiwa pamoja na ukoo. Baba yangu mdogo, ambaye enzi zake alikuwa fundi wa mashine za kumenyea kahawa, alingoja nyama iishe ndipo akanivuta kando kwenye migomba.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mama. Sasa nieleze vizuri. Hilo jua mnalotengeneza huko Ulaya, umeme wake utatufikia lini?"

Nilimweleza kama ninavyowaeleza wengine. Viini vya atomu nyepesi vikibanwa vikaungana kuwa kiini kizito zaidi, nishati nyingi sana hutoka. Jua linafanya hivyo katikati yake kwa joto la nyuzi milioni 15 hivi, likisaidiwa na uzito wake wenyewe unaogandamiza kila kitu kuelekea ndani. Sisi uzito huo hatuna, kwa hiyo tunalazimika kupandisha joto zaidi, na ITER inalenga nyuzi milioni 150. Hakuna chuma cha kushika kitu cha joto hilo. Gesi ikishageuka plazima inaning'inizwa kwa nguvu ya sumaku ndani ya chombo cha mviringo chenye tundu katikati, kisichokuwa na hewa. Chombo hicho pamoja na sumaku zake ndiyo tokamaki. Fueli ni aina mbili za haidrojeni: dyuteriamu, inayopatikana kwenye maji ya kawaida, na tritiamu, ambayo ni adimu na mitambo ya baadaye italazimika kujizalishia yenyewe kutokana na lithiamu.

Kuhusu umeme sikumpamba maneno. ITER haitaingiza hata yuniti moja kwenye gridi. Imejengwa kuonyesha kwamba ukiingiza joto la megawati 50 kwenye plazima unaweza kutoa joto la megawati 500. Ratiba iliyotangazwa mwaka 2024 inaweka kuanza kwa shughuli za utafiti mwaka 2034. Umeme wa leo tutaupata kwenye megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere, kwenye gesi, kwenye jua hili la juu ya paa. Baba mdogo alikaa kimya akipiga hesabu ya umri wake.

"Basi hiyo ni ya wajukuu."

"Ni ya wajukuu, baba."

Aliridhika. Mtu aliyepanda mivule maisha yake yote haoni shida kungoja.

Ukubwa wa mtambo ule unatisha ukiusoma kwenye karatasi. Mkataba wake ulitiwa saini Paris mwaka 2006 kati ya washiriki saba: Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Marekani na Urusi. Uunganishaji ulianza rasmi Julai 2020. Mtambo mzima utakuwa na uzito wa tani 23,000. Chombo cha ombwe, yaani kile kisichokuwa na hewa, kimegawanywa vipande 9, kila kimoja tani 440 hivi. Kuna sumaku 18 za umbo la herufi D, kila moja ina kimo cha mita 17 na uzito unaozidi tani 300, na sharti zipozwe mpaka nyuzi 269 chini ya sifuri ili umeme upite ndani yake bila ukinzani wowote. Kati ya baridi hiyo na lile joto la nyuzi milioni 150 kuna mita chache tu. Sasa kitu kikubwa namna hiyo kinaungwaje? Kwa mikono ya watu, kiungio kimoja baada ya kingine, na kila kiungio kinapimwa.

Mimi nilijifunzia VETA Moshi. Muhula wa kwanza karibu wote tulipiga tupa. Unapewa kipande cha chuma cha kawaida kilichokatwa kwa msumeno, unakibana kwenye jiriwa, unatakiwa ukifanye bapa na pembe zake ziwe mraba kamili. Tupa unaipaka chaki ili vumbi la chuma lisigande kwenye meno yake. Unasukuma kwa uzito wa mwili, unarudi bila kugandamiza. Ukidhani umemaliza, unainua kipande dirishani, unaweka skwea juu yake na kuangalia: mwanga ukipenya chini ya ulimi wa skwea, bado. Katikati ya kipande huwa panabaki na kilima kwa sababu mikono ya mwanafunzi hupepea, tupa inakula kingo kuliko kati. Mwalimu wetu hakuwa mtu wa maneno. Alishika skwea, akaangalia dirishani, akakurudishia kipande. Wenzangu wengi waliona anatupotezea muda wakati mashine za kukatia zipo pale pale.

Ninamshukuru mwalimu yule kila siku. Kwenye karakana ya Ufaransa kulikuwa na mashine zinazokata chuma kwa usahihi ambao jicho haliwezi kuufikia, lakini mwisho wa yote vipande viwili vikikutana kuna mtu anayevikalisha pamoja, na mtu huyo lazima mkono wake ujue chuma kimekaa au kimekataa. Boliti inayoingia vibaya hujisemea kwenye vidole kabla haijaharibu uzi. Hilo halifundishwi na skrini. Wahindi, Wareno, Waitalia na Wakorea niliofanya nao kazi, waliokuwa wazuri kati yao wote walipitia tupa na jiriwa kwa namna yao. Kwa hiyo kijana wa VETA anayeniambia chuo chetu ni cha kizamani kwa sababu ya tupa, namwambia wazi kwamba hapo amepewa mali.

Baada ya chuo nilikaa kiwanda cha sukari, Arusha Chini, kwenye kikosi cha matengenezo. Msimu wa kusaga ukiisha tulikuwa tukifungua pampu na tabo, tukisawazisha shafti kwa geji ya saa, halafu tunafunga upya. Ndoa ndiyo iliyonipeleka Ufaransa, na hilo halina mengi kwa habari hii. Nilisoma Kifaransa jioni, nikafanya mitihani ya vitendo kuthibitisha ufundi wangu, nikaajiriwa.

Kitu cha kwanza kilichonigusa kule ni usafi, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo penye faida kubwa kwetu.

Kila anayeingia kwenye eneo la kuunganishia anaacha kalamu yake mlangoni. Ndani zipo kalamu za kazi, na wino wake umethibitishwa kwamba hauna klorini. Gundi ya utepe, glavu, vitambaa vya kufutia, plastiki ya kufunikia, vyote vina cheti cha jambo hilo hilo. Sababu yake ni hii: stenlesi haishiki kutu kwa kuwa inajifunika yenyewe kwa utando mwembamba sana wa oksaidi ya kromiamu. Klorini inautoboa utando huo. Na kama chuma kimepindwa au kimechomelewa, kikawa kinajivuta ndani kwa ndani, pale palipotobolewa panaanza ufa unaotembea polepole, miezi hata miaka, bila kuonekana kwa nje. Jasho la kiganja lina chumvi, na chumvi ndani yake mna klorini. Kwa hiyo glavu siku zote, na hakuna kupangusa paji la uso halafu ukashika kazi.

Vivyo hivyo brashi ya waya ya chuma cha kawaida haigusi stenlesi hata mara moja, kwa sababu inaacha chembe za chuma juu yake, na chembe hizo zikipata unyevu zinashika kutu na kuambukiza. Vifaa vya stenlesi vina kabati lao na rangi yao. Mafuta nayo ni adui: ndani ya ombwe mafuta hugeuka mvuke na kwenda kujipaka mahali pengine, hata alama ya kidole inaweza kutoa gesi kwa muda mrefu. Lakini nati ya stenlesi kwenye boliti ya stenlesi bila mafuta hung'ang'aniana, ukilazimisha zinakuwa kitu kimoja. Suluhisho lao ni kupaka nyuzi za boliti utando wa madini ya fedha, laini, usiotoa mvuke. Mara ya kwanza kufungua boksi nikakuta boliti zinang'aa kama za mapambo ya harusi, nilielewa kwamba hapa kila kitu kimefikiriwa mpaka mwisho.

Na asifikiri mtu kwamba ni ushirikina wa wahandisi. Novemba 2022 mradi wenyewe ulitangaza kwamba nyufa zimeonekana kwenye mabomba ya kupozea ya ngao ya joto, ile ngao inayozikinga sumaku baridi zisipate joto la vipande vinavyozizunguka. Chanzo kilikuwa mabaki ya klorini karibu na maungio, yakiungana na mkazo wa kupinda na kuchomelea. Kilometa zaidi ya 20 za bomba zililazimika kubadilishwa. Zaidi ya hapo, vipande vya chombo cha ombwe vilionekana kupishana na vipimo kwenye kingo za kuchomelea, navyo vikahitaji kurekebishwa. Moduli ya kwanza, yaani kipande kimoja cha chombo pamoja na sumaku na ngao yake, ambayo ilishushwa kwenye shimo la mtambo Mei 2022 kwa kreni mbili zenye uwezo wa tani 750 kila moja, ilitolewa tena Julai 2023. Moduli nyingine, iliyokwisha kukarabatiwa, ilishushwa shimoni Aprili 2025. Miaka imekwenda hapo, na fedha. Ninachokiheshimu ni kwamba walisema hadharani, wakaeleza sababu, wakafungua walichokwisha kufunga. Fundi yeyote anajua jinsi mkono unavyokuwa mzito kufungua kazi iliyokwisha kufungwa.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kupima uvujaji.

Chombo kikishafungwa, pampu zinavuta hewa yote ya ndani, kazi ya saa nyingi, wakati mwingine ya siku. Kisha kinaunganishwa na mashine inayotambua gesi moja tu, heliamu. Wewe uko nje na bomba jembamba linalotoa heliamu kidogo kidogo, kama pumzi ya mtoto aliyelala. Unaipitisha kwenye kila kiungio. Kukiwa na tundu, atomu za heliamu zinavutwa ndani na mashine inapandisha namba. Heliamu imechaguliwa kwa sababu atomu yake ni ndogo, haishikani na kitu, na kwenye hewa ya kawaida ipo chembe 5 tu katika kila milioni, kwa hiyo namba ikipanda unajua ni ile uliyoipuliza wewe. Unaanzia juu. Ukianzia chini, gesi inapaa, inaingia kwenye tundu la juu ambalo hujalifikia, na wewe unabaki unalaumu kiungio kisicho na kosa. Unapuliza, unangoja, unasogea upana wa vidole viwili, unangoja tena. Feni zimezimwa, milango imefungwa. Mwenzako anasoma namba na kuandika. Hakuna anayezungumza.

Uvujaji unaotafutwa ni mdogo kiasi cha kushangaza. Mashine nzuri inakamata tundu ambalo likiachwa litapitisha gesi ya ujazo wa sentimita moja tu kwa miaka 30. Kwetu mlimani mfongo, mfereji wa maji ya mashamba, ukivuja unajitangaza: nyasi zinaota kijani mahali pasipostahili, na mwenye shamba la chini anakuja juu akilalamika kwamba zamu yake imefika na maji hayajafika. Kwenye ombwe hakuna nyasi wala jirani. Usipoutafuta kwa utaratibu, uvujaji utakaa kimya mpaka siku mtambo unawashwa.

Utaratibu ule ulinibadilisha tabia. Zamani nilikuwa mtu wa haraka, nikijivunia kumaliza kabla ya wengine. Kwenye heliamu haraka haina mahali pa kukaa. Namba inapanda kwa kuchelewa, kwa hiyo ukitembeza mkono kasi utaipita penye tundu na kulisoma mahali pengine.

Vipimo navyo vina mambo yake. Kule vipande vikubwa vinapimwa kwa leza inayofuata kioo kidogo cha umbo la gololi, unakishikiza kwenye nukta, leza inakisoma ilipo kwa sehemu ndogo za milimita. Sasa stenlesi hurefuka kiasi cha milimita 0.016 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Haionekani kuwa kitu, lakini kipande cha mita 10 kikipata nyuzi moja zaidi kimerefuka milimita 0.16, na nafasi uliyoruhusiwa kukosea inaweza kuwa finyu karibu na hapo. Basi kila kipimo kiliandikwa pamoja na joto la chuma chenyewe, na vipimo muhimu tulivifanya alfajiri kabla jua la Provence halijapiga ukuta. Wachomeleaji nao wana vita vyao: chuma kilichochomelewa hupoa kikajikunja, kwa hiyo wanachomelea upande huu kidogo, upande ule kidogo, wanapima kati ya safu na safu.

Baridi ya kule na upepo wao wa mistrali, zamu za usiku, kukaa miezi bila kusikia Kiswahili isipokuwa kwenye simu, hayo kila aliyetoka anayajua.

Nije kwenye kuandika. Kila kipande kina faili lake linalokifuata kama mtoto na kadi ya kliniki. Boliti hii namba fulani, imekazwa kwa nguvu kiasi fulani, kwa spana ya kupimia nguvu namba fulani, ambayo imehakikiwa tarehe fulani, na fulani, saa fulani. Sahihi. Kuna hatua ambazo ukizifikia unasimama, huendelei mpaka mkaguzi aje aone kwa macho yake na yeye atie sahihi. Mwanzoni mafundi wengi, wa nchi zote, huona karatasi zinakula muda wa kazi. Baada ya muda unaelewa kwamba hiyo nayo ni kazi. Kiungio kilicho ndani kabisa ya mtambo, ambacho hakuna mwanadamu atakayekiona tena, kitu pekee kitakachokisemea baada ya miaka 15 ni ile karatasi. Na ukikuta kipimo kimezidi, unaandika kilichozidi. Hukisogezi. Wahandisi wataamua kama kinakubalika, kinarekebishwa au kinatupwa. Fundi hana mamlaka ya kukiamulia kimya kimya, na mimi naona huo ni ulinzi kwa fundi.

Jioni moja kwenye karakana ya mkandarasi, kikosi kilichokuwa kinatoka zamu kilihesabu vifaa kikakuta kifuniko cha nyuma cha tochi ndogo hakipo. Chombo kilikuwa kifungwe usiku ule, lori lilikuwa limekwisha kupangwa. Mchomeleaji mmoja Mreno, mtu mzima wa umri wa baba yangu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: tunasimama. Hakumtazama msimamizi kuomba ruhusa. Walitafuta usiku kucha, wakapitisha kamera nyembamba kwenye kila uwazi. Kesho yake mchana kifuniko kilikutwa kwenye mkunjo wa ovaroli iliyokuwa imetupwa kwenye kapu la kufuliwa. Chombo kilikuwa kisafi muda wote. Nilidhani sasa mzee atasemwa kwa kuchelewesha mzigo bure. Msimamizi aliwakusanya watu wote, akamshukuru mbele yao, jina lake likaandikwa kwenye taarifa ya wiki.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi tangu nirudi. Hapa kwetu kijana akisema "bosi, hii haijakaa sawa," mara nyingi jibu ni "wewe kazi umeanza lini?" Heshima kwa mkubwa ni jambo jema na sitaki ipotee, mimi mwenyewe nasalimia shikamoo kwa moyo wote. Lakini chuma hakijui umri wa mtu. Kijana akinyamaza mara mbili tatu, anajifunza kunyamaza daima, na siku moja kunyamaza kwake kutaua mtu kwenye boila au kwenye lifti ya jengo.

Karakana tuliyo nayo sasa iko Moshi mjini, tunafanya zaidi kazi za stenlesi. Kikundi kimoja cha kina mama wa Hai walituletea tenki la maziwa lililokuwa na vishimo vyeusi kando ya maungio, maziwa yakichachuka kabla hayajafika sokoni. Wao walidhani ni maji. Nilipoingiza kichwa ndani niliona mambo mawili kwa pamoja. Maungio yalisuguliwa kwa jiwe la grainda lililotumika kwanza kwenye chuma cha kawaida, maana mistari ya kutu ilifuata mikwaruzo. Na kina mama, kwa nia njema kabisa, walikuwa wakilioshea dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, kali, wakiiacha humo usiku mzima. Tulikata sehemu mbovu, tukachomelea upya, tukasafisha kwa asidi maalumu ya stenlesi tukiwa na barakoa na glavu, tukasuuza sana. Kisha tuliketi na kina mama kupanga usafi: sabuni ya vyombo vya maziwa, maji ya moto, na klorini ikilazimika iwe hafifu, ya dakika chache, isuuzwe ikaisha. Elimu ile ile iliyowafanya wale wa Ufaransa wabadilishe kilometa 20 za bomba ndiyo iliyookoa tenki la Hai. Hilo linanipa furaha kuliko nitakavyoweza kueleza.

Kazi nyingine ilikuwa bomba za oksijeni za wodi. Oksijeni safi na mafuta havikai pamoja, grisi kidogo tu inaweza kuwaka. Mabomba ya shaba yanakuja yamezibwa vichwa na yabaki yamezibwa mpaka dakika ya kuunga, na wakati wa kuunga kwa moto unapitisha naitrojeni ndani ili magamba meusi yasijijenge. Fundi mmoja mkubwa tuliyeshirikiana naye alitoa kopo la grisi apake uzi wa kiungio, kama alivyozoea kwenye maji. Kijana wetu wa mafunzo, hajamaliza hata chuo, akasema: "Samahani fundi, tunasimama hapo." Akaeleza kwa nini. Yule fundi akafunga kopo, akamuuliza atumie nini. Nilikuwa kwenye ngazi, nikageukia ukutani machozi yalivyonilenga.

Kwa vyuo vyetu nina ombi moja, na namaanisha VETA, Chuo cha Ufundi Arusha kilichoanza mwaka 1978, na hata wale wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru wanaobuni mashine: mwanafunzi aanze kuandika rekodi ya kazi mwezi wa kwanza. Kipande cha tupa kile kile, aandike kipimo kilichotakiwa, kilichopatikana, kifaa alichopimia na kama kifaa hicho kimehakikiwa. TBS, Shirika la Viwango, wana maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, vifaa vinaweza kupelekwa. Tukifundisha tupa bila karatasi tunatoa fundi mwenye mkono mzuri ambaye hakuna anayeweza kumthibitisha.

Na kwa anayetaka kwenda kufanya kazi hizo nje, mlango wa mchomeleaji ni mtihani wa kiwango cha ISO 9606, ambao haukai milele: mwajiri anathibitisha kila miezi 6 kwamba bado unachomelea aina hiyo ya kazi. Anayependa ukaguzi wa maungio kwa mionzi, mawimbi ya sauti au rangi ya kupenya, kiwango chake ni ISO 9712. Tunza kila karatasi. Jifunze Kiingereza cha kusoma maelekezo bila kukisia, maana pale kukisia hakuruhusiwi kwa lugha yoyote.

Mashine ya heliamu hatuna. Bei yake ni kubwa kwa karakana yetu. Tunapima kwa shinikizo na povu la sabuni. Tunajaza bomba hewa ya bar 6, tunapaka povu kila kiungio kuanzia juu, kisha tunaliacha usiku. Wiki za kwanza vijana walikuwa wakikuta asubuhi geji imeshuka kama robo ya bar na kuanza kufungua maungio mazima. Baridi ya mlima inashuka Moshi usiku, na hewa ikipoa nyuzi 10 shinikizo la kiasi hicho hupungua karibu robo ya bar bila tundu lolote. Sasa wanasoma geji na joto la bomba pamoja, saa 12 asubuhi leo na saa 12 asubuhi kesho, wanaandika na kutia sahihi wawili wawili. Karatasi hizo ziko kwenye faili kabatini, na mwanafunzi yeyote wa ufundi anayetaka kuja kuzisoma anakaribishwa.